Itajeni Goma kwa jina

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika kwamba maaskofu na masheikh wabaki madhabahuni na misikitini, mambo ya vita na madaraka wawaachie wanasiasa. Barua yake nimeisoma mara mbili nikiwa nimekaa juu ya gunia la dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, nikaona nikinyamaza nitakuwa nimekubaliana naye.

Mimi nauza dagaa. Wateja wangu wakubwa si wa hapa Mwanza, ni Wakongo. Mmoja wao, mama wa Goma, nilianza naye biashara mwanangu wa pili akiwa bado mgongoni. Hunitumia nusu ya hela, mzigo ukifika anamalizia, na hatujawahi kuandikishana hata karatasi. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, simu yake ikawa haipatikani. Siku tisa. Magunia yake 40 yalikuwa yameshashonwa midomo, jina lake limeandikwa juu kwa wino mwekundu, makuli wananiuliza, "Mama, tupakie au tuyarudishe stoo?" Sikuwa na la kuwajibu. Siku ya kumi akapiga kwa namba ngeni. Mzigo hakuuliza. Alisema, "Dada, nimezika," simu ikakatika.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani na mji ule umenikaa kifuani. Yakasomwa maombi: tuwaombee ndugu zetu walio katika shida mbalimbali duniani. Tukaitikia, ee Bwana, twakuomba utusikie. Halafu yakaja matangazo ya michango ya ujenzi, jumuiya moja baada ya nyingine, kila moja kwa jina lake na kwa shilingi zake. Goma haikutajwa. Bukavu haikutajwa, Jumapili ile wala zile zilizofuata, hata ilipotekwa nayo Februari. Niliumia, na bado inaniuma.

Msomaji wako anasema vita ni siasa. Basi nimkumbushe jambo ambalo wazee wa kando ya ziwa hili wanalijua. Februari 1977, ng'ambo ya pili kule Uganda, maaskofu wa Kianglikana walimwandikia Idi Amin barua wakilalamikia watu kukamatwa na kuuawa ovyo. Aliyewaongoza ni Askofu Mkuu Janani Luwum. Februari 16 akauawa, yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Miezi 20 baadaye, Oktoba 1978, majeshi ya mtawala yule yule yakavuka mpaka yakaingia Kagera. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa upande wa Amin, ikaja kuipiga Mwanza. Mabomu yakakosa shabaha yakaangukia hifadhi ya wanyama, wakafa swala. Marehemu baba alitusimulia habari za siku ile hadi tukaikariri. Barua ya Luwum ilihusu Waganda, lakini bomu lilikuja kwetu.

Mwaka 1994 nilikuwa darasa la nne. Mto Kagera ulibeba miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda ukaileta hadi ziwani, na mama yangu, ambaye ugali bila samaki kwake haukuwa chakula, akakaa wiki nyingi akitupikia mchicha na maharage. Hakutuambia sababu. Tulikuja kuielewa tukiwa wakubwa.

Rwanda haikukosa makanisa wala maaskofu. Askofu Mkuu wa Kigali wa wakati ule, Vincent Nsengiyumva, alikuwa amekaa miaka mingi kwenye kamati kuu ya chama tawala. Watu walikimbilia makanisa ya Nyamata na Ntarama wakiamini hakuna atakayemwaga damu humo, wakauawa humo humo. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa dhambi za Kanisa na za watu wake katika mauaji yale. Namshukuru. Lakini ilikuwa imepita miaka 23. Wapo pia waliosimama saa ile ile, kama Felicitas Niyitegeka wa Gisenyi: aliwaficha watu, kaka yake mwanajeshi akamsihi aondoke ajiokoe, akakataa kuwaacha, akauawa pamoja nao.

Hapo ndipo ninapoachana na msomaji wako. Yeye anaogopa kiongozi wa dini ataingia kwenye siasa. Mimi namwogopa zaidi yule aliyekwisha kuingia, akapewa kiti meza kuu, akakizoea. Huyo hawezi tena kumkemea aliyemkaribisha. Ninachokubaliana naye ni kwamba mimbari isitumike kutuambia tumpigie nani kura. Kusema "usiue" si kampeni.

Tazama Wakongo wenyewe. Februari 2025 wajumbe wa maaskofu Wakatoliki na wa Kanisa la Kristo Kongo walikwenda Goma kukutana na Corneille Nangaa, mwanasiasa aliyeungana na M23, kisha wakaenda Kigali kuonana na Rais Kagame. Kinshasa kuna wanasiasa waliowalaumu kwa kuzungumza na adui. Walikwenda hata hivyo. Na Papa Fransisko, Januari 31, 2023, alisimama Kinshasa mbele ya wakuu wa nchi akawaambia wanaoinyonya Kongo waondoe mikono yao, kwamba Afrika si mgodi wa kunyang'anywa. Aliutaja mgodi. Hakusema "shida mbalimbali".

Najua kusema kuna gharama. Sisi sote tulisikia habari za Padri Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, alivyovamiwa na kupigwa Kurasini usiku wa Aprili 30, 2025. Kwa hiyo simwombi Baba Paroko wangu jambo jepesi, na sisemi haya kwa kumvunjia heshima. Namwomba kwa sababu yeye ndiye aliyetufundisha habari za Nathani, aliyeingia kwa mfalme Daudi akamwambia usoni kwamba mwenye kosa ni yeye. Jirani yangu wa kichanja, Muislamu, naye aliniambia Mtume amefundisha kuwa jihadi iliyo bora ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu. Tuliyazungumza hayo tukigeuza dagaa juani, sisi wawili ambao hatujasoma seminari wala madrasa kubwa.

Ninachoomba ni hiki. Goma itajwe kwa jina kwenye maombi, na Bukavu, na vijana wetu wa JWTZ waliokufa Kongo, wakiwamo wale waliouawa Semuliki Desemba 2017. Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na wa SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, walikutana Dar es Salaam Februari 8, 2025 wakaagiza mapigano yasimame. Maaskofu na masheikh wawaulize hadharani agizo lile limefikia wapi. Waulize pia madini ya Kongo yanapita njia gani na yananunuliwa na nani. Wakiuliza wao, nchi nzima itasikia. Nikiuliza mimi hapa Mwaloni wananisikia makuli tu.

Yule mama wa Goma amerudi kwenye biashara, kwa mzigo mdogo. Magunia 12 safari iliyopita. Aliniuliza kwenye simu, "Dada, huko kwenu mnatuombea?" Nikamwambia tunawaombea. Akauliza tena, "Mnatutaja?"

Jumapili hii nitakaa benchi la tatu, upande wa kina mama. Nitasikiliza.

Muuza dagaa,
Mwaloni, Kirumba, Mwanza