Barua ya kufunga muhula kwa wazee wa skuli yetu

Assalamu alaykum wazee wetu,

Tumefunga muhula salama, alhamdulillah. Ripoti za mitihani wanazo watoto, zisomeni mzitie saini. Tangi la maji limeshatengenezwa.

Ninalotaka hasa kulizungumza ni ile Alkhamisi tulipoadhimisha kura ya wanawake. Kidato cha Tatu walijaza ukuta mzima: New Zealand 1893, Uingereza 1918 kwa wanawake waliotimiza miaka 30, Uswisi 1971. Katikati, kwa wino mwekundu, Zanzibar: Julai 1957 walipiga kura wanaume peke yao, Januari 1961 wakaingia na mama zetu. Yaani bibi wa Pemba alimtangulia mwanamke wa Uswisi kwa miaka kumi. Msichana aliyelisoma hilo alisita, akalirudia, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

Kisha akasimama bibi wa mwanafunzi wetu mmoja. Mwaka ule alikuwa mtoto, akaongozana na mama yake kwenda kituoni alfajiri. Mama kavaa buibui, viatu kavishika mkononi visije vikachafuka njiani, akavivaa alipofika kwenye foleni. Bibi aliinama akatuonesha mama yake alivyojifuta miguu kwa majani. Hata watoto wa nyuma, wale wasionyamaza, walinyamaza.

Na hapa hapa Chake Chake, uchaguzi ule wa Januari 1961, mshindi alipita kwa kura moja tu. Mambo ya vyama siyaingizi skuli, nataka watoto waione hesabu. Nilimuona mmoja akiwahesabu kwa vidole wanawake wa nyumbani kwao.

Sasa nije kwenye lililoniudhi. Mchana wa siku hiyo hiyo wanafunzi walichagua kiongozi wao. Walioandikishwa ni 312, sanduku likatoa karatasi 319. Vijana wanne walitumbukiza karatasi za ziada ili msichana asipite. Nilipowauliza, wakasema ni mzaha. Tulirudia Jumamosi mbele ya walimu wote, na msichana akapita. Mzee mmoja alinifuata akaniomba nisilikuze jambo la watoto. Mzee wangu, silikuzi. Mtoto anayeiba kura ya mwenzake saa chache baada ya kumsikiliza yule bibi, nikimwachia leo nitakuwa nimemfundisha mimi.

Na utoro. Najua karafuu hazingoji, hata mimi nimekulia chini ya mikarafuu. Lakini daftari la Kidato cha Pili linaonesha wasichana 19 waliokosa zaidi ya wiki mbili msimu huu. Wengine walikuwa wakiwapikia wachumaji, wengine wanakesha wakichambua, asubuhi hawaamki. Baadhi ya wazee wa watoto hao walikuwa ukumbini Alkhamisi, wakipiga makofi kuliko wote. Jumatatu yake viti vya mabinti zao vilikuwa vitupu. Hili limeniuma zaidi kuliko zile karatasi saba. Chambueni nao Jumamosi na Jumapili, siku za skuli nileteeni. Muhula ujao mwalimu wa darasa atakuja nyumbani siku ya tatu ya kukosekana, na mimi nitafuatana naye.

Mchango wa chakula cha kambi ya Kidato cha Nne bado haujatimia.

Wazee wa wale vijana wanne nawangojea afisini Jumamosi saa 3 asubuhi, kila mmoja na mwanawe.

Wassalaam,
Mwalimu Mkuu