Mtoto kuziba mishipa ya moyo si kosa la mama yake

Mhariri,

Makala yenu kuhusu maradhi ya moyo ilikuwa nzuri, ila kuna sehemu moja iliyonikera: pale mlipowaambia wasomaji kwamba mishipa inayolisha moyo huziba kwa sababu ya ulaji mbaya na kutofanya mazoezi. Kwa mtu mzima kuna ukweli mwingi hapo. Lakini mimi ni muuguzi wa watoto wenye maradhi ya moyo, na wazazi ninaowahudumia wanasoma gazeti hili. Mama ambaye mwanawe wa miaka minne anasubiri kufunguliwa kifua, akisoma maneno hayo, ataelewa kwamba yeye ndiye aliyemfikisha mtoto pale. Ndugu nao hawachelewi kumuuliza alikuwa akimlisha nini. Nimeshaona mtoto akinyimwa chakula cha kutosha nyumbani kwa hofu hiyo, wakati sisi tulitaka aongeze uzito kabla ya upasuaji.

Mishipa ya moyo wa mtoto huharibika kwa njia nyingine kabisa. Kuna ugonjwa wa Kawasaki, uliopewa jina la Tomisaku Kawasaki, daktari wa watoto wa Japani aliyeueleza mwaka 1967. Huwapata hasa watoto wa chini ya miaka mitano, na chanzo chake hakijulikani hadi leo. Kuta za mishipa hushikwa na uvimbe, zikalegea na kutuna. Baadaye, pengine miaka kadhaa homa ya ugonjwa huo ikiwa imeshasahaulika, damu huganda pale palipotuna au kovu likabana njia. Watoto wengine huzaliwa na hitilafu: mshipa wa kushoto unaolisha moyo umechipuka kwenye mshipa wa mapafu badala ya aota, yaani mshipa mkuu unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, hivyo msuli wa moyo hupata damu yenye oksijeni kidogo, tena isiyo na msukumo. Kichanga wa namna hiyo hutokwa jasho na kulia anaponyonya, na watu husema ana chango. Wapo pia waliofanyiwa upasuaji wa kubadilisha nafasi za mishipa mikuu miwili ya moyo wakiwa wachanga, ambapo mishipa ya koronari, yaani ile inayolisha moyo, huhamishwa na kushonwa mahali papya. Kwa baadhi yao mdomo wa mshipa huja kubana wanapokua. Hata wale wachache wanaougua kwa sababu ya lehemu nyingi kupita kiasi tangu utotoni, wameirithi kwa wazazi.

Makala ilisema mishipa ikiziba huwekwa stenti, kijibomba cha kuiweka wazi. Kwa mtoto mdogo hilo lina kikwazo: kijibomba hicho hakikui naye. Ndiyo maana wapasuaji wa watoto wana njia zao. Mshipa uliochipuka pasipo pake hukatwa na kupandikizwa kwenye aota. Mdomo uliobana hupasuliwa na kushonewa kiraka ili upanuke, mara nyingine kwa kipande cha utando unaofunika moyo wa mtoto huyohuyo. Na pale ambapo mshipa umeziba kabisa, damu hutengenezewa njia ya kuzunguka kizuizi.

Kazi hii ya mwisho ndiyo ninayotaka wasomaji waijue zaidi. Katikati ya miaka ya 1970, mpasuaji wa Kijapani Soichiro Kitamura alianza kuwafanyia upasuaji huo watoto wenye Kawasaki kwa kutumia vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya mguu. Baadaye yeye na wenzake waligeukia ateri (mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni) inayopita ndani ya ukuta wa kifua. Chanzo chake huachwa palepale kilipo, ncha yake ikashonwa mbele ya kizuizi, kwenye mshipa ambao kwa mtoto unaweza kuwa na upana wa milimita moja au mbili tu. Ateri hiyo hurefuka na kupanuka kadiri mtoto anavyokua. Mwaka 2009 walitoa matokeo ya wagonjwa 114 waliopasuliwa utotoni: baada ya miaka 20, asilimia 87 ya ateri za kifua zilikuwa bado zinapitisha damu, ilhali kwa vena za mguu ilikuwa asilimia 44. Miaka 25 baada ya upasuaji, asilimia 95 walikuwa hai. Ninapowasomea wazazi takwimu hizi hushusha pumzi. Wanapaswa kujua pia kwamba kliniki haiishi: mshipa mpya nao unaweza kubana, na mtoto hufuatiliwa hadi utu uzima.

Kinachoweza kumwepusha mtoto na kisu ni kutibiwa mapema. Kawasaki isipotibiwa, karibu mtoto mmoja kati ya wanne huharibika mishipa ya moyo. Akipewa immunoglobulini (dawa ya kingamwili) kwa dripu ndani ya siku 10 tangu homa ianze, hatari hiyo hushuka hadi takriban asilimia tano. Na hapa wa kulaumiwa mara nyingi ni sisi wahudumu wa afya. Mama huleta mtoto mwenye homa, anapewa antibayotiki. Anarudi, anabadilishiwa antibayotiki, na siku zinakatika.

Kwa hiyo, Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza, rekebisheni maneno yale. La pili, chapisheni dalili hizi mahali zitakapoonekana: homa ya siku tano au zaidi, pamoja na macho mekundu yasiyo na tongotongo, midomo iliyokauka na kupasuka, ulimi mwekundu, vipele mwilini (kwenye ngozi nyeusi huwa vigumu kuonekana, vitafuteni kwa makini), viganja na nyayo kuvimba, na tezi ya shingo kuvimba. Si lazima zitokee zote, wala kwa siku moja. Mzazi aliyeona vipele vikatoweka kabla ya kufika hospitali amwambie daktari hivyo hivyo. Na msiandike kwamba aspirini hutumika kutibu Kawasaki bila kuongeza kwamba daktari ndiye anayeitoa, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto mwenye mafua makali au tetekuwanga.

Muuguzi wa watoto