Breki ya pikipiki inayolia isinyamazishwe kwa oili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na waendesha pikipiki, pamoja na mafundi wenzangu, juu ya mazoea yanayohatarisha maisha ya watu. Mtu akisikia breki ya diski inalia, hudondoshea oili au hupaka grisi ili inyamaze. Kelele hukoma kweli, lakini hukoma kwa sababu msuguano umepungua, na msuguano huo ndio unaosimamisha chombo. Oili ikishapenya ndani ya pedi, yaani vile vipande vinavyoibana diski, haiondoki kwa kufutwa na kitambaa. Pedi hizo hazina budi kubadilishwa, na diski isafishwe kwa spiriti au kwa dawa maalumu ya kusafishia breki.

Chanzo cha mlio ni mtetemo. Pedi inapoibana diski inayozunguka, huwa inashika na kuachia, inashika na kuachia, maelfu ya mara kwa sekunde moja, na mtetemo huo ukipatana na mtetemo wa asili wa diski au wa kalipa, yaani kile kifaa kinachobeba pedi na kuzibana kwenye diski, chuma chote huimba kama uzi wa zeze unaosuguliwa kwa uta. Kwa hiyo chochote kinachoifanya pedi ishike kwa kusitasita, au kinachoiachia nafasi ya kuchezacheza mahali pake, huweza kuleta mlio.

Si kila mlio ni ubovu. Pikipiki iliyolala kwenye umande au mvua huota kutu nyepesi juu ya diski, nayo hufutika baada ya kushika breki mara chache. Vilevile pedi zilizotengenezwa kwa unga wa chuma hupiga kelele zaidi kuliko zile laini, hata zikiwa nzima kabisa.

Mlio usiokoma ndio unaotaka kalipa ifunguliwe. Mara nyingi hukutwa vumbi lililogandamana, au uso wa pedi ulioungua ukawa mgumu na wenye kung'aa, jambo linalowapata hasa wanaoteremka milima mirefu wakiwa wamekanyaga breki mfululizo badala ya kurudisha gia ili injini isaidie kuzuia mwendo. Ikiwa pedi bado ni nene, isuguliwe juu ya msasa uliotandazwa mahali palipo sawa mpaka mng'ao uishe. Pini ambazo kalipa hutelezea juu yake zioshwe na kupakwa grisi ya breki inayostahimili joto, kidogo tu, na grisi hiyo isifike kamwe kwenye uso wa pedi wala kwenye diski.

Hapa nina neno na mafundi wenzangu. Nyuma ya pedi nyingi kuna vibati vyembamba, na ndani ya kalipa kuna springi ndogo inayozuia pedi zisitikisike. Vitu hivyo vimewekwa kwa makusudi ili kuua mtetemo, lakini wapo wanaovitupa wakati wa kubadilisha pedi kwa kuwa breki hufanya kazi hata bila hivyo. Mteja hurudi analalamika kelele, kisha anauziwa pedi nyingine ambazo hakuzihitaji. Huko ni kumwonea.

Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma ni habari nyingine kabisa: pedi imekwisha, na bamba lake la chuma la nyuma linaila diski. Pikipiki hiyo isiendeshwe tena kabla ya kutengenezwa. Pedi iliyobakiwa na milimita 2 ianze kutafutiwa mbadala, na diski nayo ipimwe, kwani unene wa chini unaoruhusiwa kwa kawaida huchapwa juu yake.

Kwa breki za ngoma, vumbi lililojaa ndani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, kwa sababu baadhi ya viatu vya breki, yaani vipande vinavyosugua ngoma kwa ndani, hasa vya zamani, vina asbesto, ambayo huleta saratani ikivutwa mapafuni. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji. Tena, anayepulizia cheni mafuta afunike kwanza diski ya nyuma, maana mafuta hayo huruka na kuitia uchafu breki iliyokuwa salama.

Kwa breki ya diski, baada ya kurudisha ndani ya kalipa pistoni inayosukuma pedi, ili pedi mpya ziingie, breki huwa tupu, yaani haishiki, mara ya kwanza inapobanwa. Ibanwe na kuachiwa mara kadhaa mpaka iwe ngumu kabla pikipiki haijaondoka hapo ilipo. Kisha mwendeshaji ashike breki kwa upole katika safari za mwanzo, hadi pedi na diski zizoeane. Muda huo breki huwa haijapata nguvu zake zote, kwa hiyo aache nafasi kubwa zaidi kati yake na gari lililo mbele.

Wako,
Fundi wa pikipiki