Spielberg: tusimwangalie dereva peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumzie jinsi ajali za MotoGP, daraja la juu la mbio za pikipiki za ubingwa wa dunia, zinavyosimuliwa kwetu mashabiki. Kila mbio hizi zinaporudi Austria, picha za Agosti 16, 2020 hutolewa tena na maelezo huwa yaleyale: dereva Valentino Rossi aliponea chupuchupu, mwenzake Johann Zarco ndiye mkosaji, mbio zikaanza upya na Andrea Dovizioso akashinda. Basi. Njia yenyewe waliyokuwa wakipita haitajwi, na kwangu mimi hapo ndipo penye habari.

Uwanja wa Red Bull Ring, pale Spielberg, Austria, wakati ule ulikuwa hivi. Ukitoka kona ya kwanza unapanda kilima kwa kasi, njia inajikunja kidogo upande wa kushoto huku pikipiki zikiwa katika mwendo mkali, kisha unabana breki kwa nguvu zote kuingia kona ya tatu, ya kulia, ambayo ni kali sana. Anayeanguka kwenye ule mkunjo hafuati njia. Pikipiki yake huenda moja kwa moja, inakata nyasi na kutokea pale ambapo wenzake waliotangulia wanageuza kona ya tatu. Zarco na Franco Morbidelli waligusana papo hapo, wakikaribia kilomita 300 kwa saa. Kwa kanuni, pikipiki ya MotoGP haipungui kilo 157. Mbili za uzito huo zilivuka njia mbele ya macho ya Rossi na Maverick Viñales, moja ikiwa hewani. Morbidelli ni kijana aliyelelewa katika chuo cha Rossi mwenyewe. Pikipiki yake ndiyo nusura imuue mwalimu wake.

Zarco aliadhibiwa kuanza mbio zilizofuata akitokea njia ya gereji, nyuma ya wenzake wote. Sina ugomvi na adhabu ile. Lakini hata kama injini ingekufa, au tairi lingeteleza bila kosa la mtu yeyote, pikipiki zingefuata mkondo uleule. Umbo la njia ndilo lililoamua ziende wapi. Tena malalamiko ya madereva kuhusu usalama wa uwanja huo hayakuanza siku ile. Yalisikika tangu MotoGP iliporudi hapo mwaka 2016. Siku hiyohiyo, saa chache kabla, mbio za Moto2, daraja la chini ya MotoGP, nazo zilisimamishwa kwa bendera nyekundu baada ya Hafizh Syahrin kuigonga pikipiki ya Enea Bastianini iliyolala njiani.

Wiki moja baadaye wakakimbia tena palepale. Safari hii breki za Viñales zilimgomea akielekea kona ya kwanza, naye akajirusha chini akiwa katika mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Pikipiki ilijibamiza kwenye uzio wa mifuko ya hewa na kuwaka moto. Bendera nyekundu nyingine. Miguel Oliveira alishinda, na tulishangilia, kwa haki kabisa.

Uzio uliongezwa kwenye kona ya tatu kabla ya mbio hizo za pili, na hilo lilikuwa jema. Ila mkunjo wenyewe uliachwa. Mwaka 2021 walikimbia hapo mara mbili kwa ramani ileile. Ni mwaka 2022 tu ndipo zilipowekwa kona mbili fupi zinazofuatana, zinazowalazimisha madereva kupunguza mwendo kabla ya kufika kona ya tatu. Wapo wanaosema kona hizo zimeharibu uhondo. Mimi nazipenda, na ningezipenda zaidi kama zingewekwa mapema.

Kwa nini miaka miwili? Juni 2016, Luis Salom alipofariki katika mazoezi ya Moto2 huko Barcelona, ramani ya uwanja ilibadilishwa wikiendi ileile. Kumbe inawezekana. Kinachoniuma ni kwamba pale ilibidi mtu afe kwanza.

Najua uwanja hautibu kila kitu. Shoya Tomizawa huko Misano mwaka 2010, Marco Simoncelli huko Sepang mwaka 2011 na Jason Dupasquier huko Mugello mwaka 2021 walifariki baada ya kugongwa na wenzao waliokuwa nyuma yao, na hakuna uzio unaozuia hilo. Kwa sababu hiyohiyo, hatari inayoweza kuondolewa kwa saruji na lami haina kisingizio cha kubaki hata msimu mmoja.

Madereva wana Kamati ya Usalama inayokutana na waandaaji na shirikisho la kimataifa la mbio za pikipiki, FIM, Ijumaa za wikiendi ya mbio. Yanayosemwa humo hutufikia kwa tetesi, dereva mmoja mmoja akiulizwa na waandishi. Ombi langu ni kwamba kumbukumbu za vikao hivyo zitangazwe: kona gani imelalamikiwa, lini, mwenye uwanja amejibu nini, na kazi itakamilika tarehe gani. Na kwenu wahariri wa michezo, dereva anapoanguka, pamoja na picha ya ajali tuchapishieni na ramani ya kona, mtueleze kama iliwahi kulalamikiwa.

Shabiki wa mbio za pikipiki,
Morogoro