Malalamiko: onyo lililoondolewa kwenye boksi la dawa ya msokoto wa tumbo

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: BOKSI JIPYA LA VIDONGE VYA HAIOSINI BUTILIBROMAIDI, MILIGRAMU 10

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Dawa yenyewe sina ugomvi nayo. Baba alipobanwa na msokoto wa tumbo alimeza vidonge viwili, akapata nafuu, akaendelea navyo kama boksi linavyoelekeza. Mdomo ulimkauka, hilo hatukulijali. Usiku wa siku ya pili mkojo ukagoma. Nilimsikia chooni amefungulia bomba, eti sauti ya maji huvuta mkojo. Maji yalitiririka karibu hadi alfajiri, kwake halikutoka hata tone. Hospitali walimwekea mpira, ukatoka mkojo zaidi ya lita moja.

Baba ana miaka 71 na tezi dume yake imetanuka. Daktari alipoliona boksi lenu hakuuliza mengi. Dawa hii huizuia asetilikolini, kemikali ya mwili inayopeleka amri za neva, isiamrishe misuli laini kujikaza, ndiyo maana utumbo hutulia. Sasa kibofu nacho husukuma mkojo kwa amri hiyohiyo. Kama njia imeshabanwa na tezi, kisha kibofu kikalegea, mtu atakojoaje?

Niliwapigia simu. Mhudumu wenu, kwa upole kabisa, akasema maelezo yote yamo kwenye karatasi ya ndani. Ni kweli yamo. Nimeikunjua, mikunjo minane, nikaimulika kwa tochi ya simu: onyo kuhusu tezi dume na presha ya macho liko upande wa pili, herufi kama sisimizi. Baba gazeti tu hulisoma kwa miwani na lenzi juu yake. Karatasi hiyo hakuigusa, nami simlaumu.

Kinachoniuma ni kwamba onyo hilo zamani lilikuwa nje. Mama hutunzia vifungo vya mashati ndani ya boksi lenu la zamani, basi nikaliweka kando ya jipya. Mgongoni mwa lile la zamani imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba mwenye presha ya macho, tezi dume iliyotanuka au shida ya kukojoa amwone daktari kwanza. Mahali hapohapo kwenye jipya mmeweka mwanamke anayetabasamu, mkono tumboni, na maneno "kwa maumivu yote ya tumbo". Yote? Kidole tumbo si msokoto. Mtu akikaa nyumbani akimeza vidonge akisubiri kitulie, kinaweza kupasuka.

Fidia sidai. Nataka onyo lirudi nje ya boksi, kwa herufi ambazo mzee anaziona, na neno "yote" lifutwe. Maboksi yaliyokwisha kufika madukani yabandikwe stika. Nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14, na jibu litaje tarehe. "Tunalifanyia kazi" nimeshaambiwa kwenye simu. Nakala ya barua hii, pamoja na taarifa ya madhara yaliyompata baba, naipeleka kwa mamlaka ya udhibiti wa dawa.

Nimeambatanisha picha za maboksi yote mawili na namba ya toleo. Boksi la zamani lenyewe siwezi kulituma, mama ameshalirudishia vifungo vyake.

Wenu,
Mteja