Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Veterinari: paka mgonjwa hangoji Jumatatu

Mkurugenzi wa Huduma za Veterinari,
Wizara ya Mifugo na Uvuvi,
DODOMA.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: WANYAMA WAGONJWA KURUDISHWA MLANGONI KATIKA OFISI ZA MIFUGO ZA WILAYA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka katika mji mmoja mdogo, mwendo wa saa kadhaa kwa basi kutoka Morogoro. Ofisi ninayoilalamikia sitaitaja. Tangu nianze kulisimulia jambo hili pale sokoni, wateja wanaotoka wilaya nyingine wananipa visa vya namna hiyo hiyo, na sitaki kijana mmoja aandikiwe barua ya onyo halafu faili lifungwe. Nataka utaratibu ubadilike.

Ijumaa moja asubuhi nilifungua stoo nikamkuta paka wangu dume, Chui, amechuchumaa kwenye mchanga tunaomwekea karibu na mizani. Anajikamua, hakitoki kitu. Anasogea kidogo, anachuchumaa tena. Alikuwa akijilamba sehemu za chini bila kupumzika, dagaa hakuwagusa, na nilipomwinua alitoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwake. Nikamweka kwenye tenga, nikamfunika kwa kanga, nikapanda bodaboda hadi ofisi ya mifugo.

Kijana aliyekuwa dirishani aliniuliza nina mnyama gani. Nikamwambia paka. "Mama, hapa tunahudumia mifugo. Paka si mifugo." Nikamwomba anitafutie daktari. Nikaambiwa daktari yuko vijijini kwenye chanjo ya ng'ombe, nisubiri, huenda akarudi. Nikakaa kwenye benchi na tenga langu magotini mpaka watu wakatoka msikitini. Hapo ndipo nilipoambiwa daktari hatarudi tena leo, nije Jumatatu. Nikaomba namba yake ya simu, nikajibiwa haitolewi. Nikasema nipewe namba ya malipo, nalipa sasa hivi kwa simu, siombi cha bure. Nikajibiwa kwamba kwenye huduma zinazolipiwa pale, paka hayumo.

Alipoona siondoki, alinionea huruma. Nasema hivi kwa haki yake, maana naamini kabisa alitaka kunisaidia. Akasema, "Mpe Panadol, nusu kidonge, maumivu yatatulia."

Muda wote huo hakuna aliyefunua ile kanga kumtazama mnyama.

Ndugu Mkurugenzi, wewe umesomea udaktari wa wanyama, kwa hiyo unajua nilichoambiwa nifanye. Nitawaeleza wengine watakaoisoma barua hii. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli, dawa iliyomo kwenye Panadol, kama linavyofanya ini la mtu. Dawa inageuka sumu mwilini, inaiharibu damu isiweze kubeba oksijeni. Ufizi unakuwa wa kahawia au wa bluu, uso na miguu vinavimba, mnyama anahema kwa shida mpaka anakata roho. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima, na ile nusu niliyoelekezwa nayo inaweza kumuua vilevile. Dawa ya kumwokoa ipo, asetilisisteini, ile ile wanayopewa watu waliozidisha Panadol, lakini lazima aipate mapema. Ofisi isiyompokea paka itampa saa ngapi?

Sikumpa. Nilisimama nje ya lango nikampigia mwanangu, anayesoma stashahada katika chuo cha mifugo. Kabla sijamaliza kueleza akanikatisha: "Mama, anakojoa?" Nikasema hakojoi. Akaniambia nimpapase tumbo la chini taratibu, bila kuminya. Nikaingiza mkono kwenye tenga nikakuta kitu cha mviringo, kigumu kama ndimu. Kilikuwa kibofu cha mkojo. "Mama, usithubutu kumpa Panadol, na usingoje Jumatatu."

Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana, hasa pale mwishoni. Chembe za chumvi zinazojikusanya kwenye mkojo zikichanganyika na ute zinakuwa kizibo. Kibofu kinajaa, mkojo unaelemea figo, na potasiamu ambayo ingetoka na mkojo inabaki kwenye damu na kupanda. Potasiamu ikizidi, mapigo ya moyo yanapungua mpaka moyo unasimama. Paka aliyeziba kabisa asipozibuliwa anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Kwa mgonjwa wa namna hii, kuambiwa Ijumaa mchana "njoo Jumatatu" ni kuambiwa ukamzike.

Najua jibu litakalokuja: ofisi ya wilaya haina vifaa vya paka. Kumzibua kunahitaji dawa ya usingizi, mpira mwembamba wa kupitisha mkojo na dripu, na ninakubali kwamba si kila wilaya inavyo. Lakini mwanangu alinieleza, na daktari wa Morogoro akathibitisha, kwamba daktari aliyefundishwa anaweza kuchoma sindano nyembamba ya geji 22 kupitia ngozi ya tumbo hadi kwenye kibofu, akavuta mkojo kwa bomba la sindano. Haimponyi, lakini inampa mnyama saa za kusafiri. Sindano hiyo inauzwa duka lolote la dawa pale stendi. Na kama daktari hayupo, bado kuna kisichohitaji bajeti wala daktari: mtumishi afunue kanga, atazame, aulize "anakojoa?", kisha aseme, "Mama, hii ni dharura, hapa hatuwezi, wahi gari uende Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine wana hospitali ya wanyama." Ningeambiwa hivyo asubuhi, gari la saa sita lingenikuta stendi.

Nilisafiri alfajiri ya Jumamosi. Daktari aliyempokea alimlaza, akapitisha mpira, mkojo ukatoka umechanganyika na damu, akamwekea dripu. Chui alikufa jioni ile. Daktari alinieleza kwamba sumu ilikuwa imeshaujaza mwili, na kwamba angefika jana yake angekuwa na nafasi kubwa zaidi. Hakuna ajuaye kama angepona. Ninachodai ni ile nafasi, ambayo ilipotea kwenye benchi.

Wapo watakaosema ni paka tu. Waje stoo kwangu. Paka akiondoka panya hutawala, na mimi utawala huo nauona kwenye magunia: matobo kwenye kona, mahindi yaliyokojolewa, maharage yaliyomwagika chini ya chaga. Mkojo wa panya unabeba leptospira, bakteria wanaoleta ugonjwa unaowapata watu vilevile, na mahindi hayo ndiyo yanayokwenda kusagwa unga wa ugali. Asiye na paka hununua sumu ya panya ya mitaani isiyo na lebo, anaiweka pembeni ya chakula na watoto wanazunguka hapo hapo. Na kwa sisi tuliopita madrasa, tulifundishwa tungali wadogo hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Katika malezi yangu paka hajawahi kuwa kitu cha kupuuzwa.

Lakini hata asiyejali paka, ajali watu. Kila mwaka inapokaribia tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, gari la matangazo linapita mitaani: leteni mbwa na paka wachanjwe. Tunawapeleka. Siku hiyo paka wanahesabiwa, wanaandikwa, wanatajwa kwenye taarifa. Akiugua, anaambiwa si mifugo. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao sheria inataka utolewe taarifa, paka anaupata na anaweza kumwambukiza mtu kwa kumng'ata, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu kila mmoja hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka, vingi Afrika na Asia, na dunia imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa kinacholetwa na mbwa ifikapo 2030. Mimi nilifika ofisini na paka aliyebadilika tabia, anayelia kwa sauti isiyo yake, asiyekula. Yule kijana alijuaje bila kumtazama kwamba si kichaa? Alijuaje kwamba hajaning'ata? Hakuniuliza. Ningekuwa nimeng'atwa ningerudi nyumbani na Panadol.

Halafu kuna sheria zenyewe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze, asimwache ateseke. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inaweka Baraza la Veterinari na kutaka wanaotibu wanyama wawe wametambuliwa na Baraza hilo. Maana yake, mimi raia nikimwacha paka wangu ateseke nina kosa, nikimpeleka kwa mtu wa mitaani nimekwenda pasipo halali, na nikienda kwenye dirisha la serikali naambiwa hayumo. Nifuate njia ipi? Na yule aliyenielekeza dawa ni nani? Ni daktari, ni msaidizi, ni mhudumu wa ofisi? Hakukuwa na jina mezani wala cheti ukutani.

Si mimi peke yangu. Jirani yangu muuza mkaa alikwenda pale paka wake akiwa na viroboto. Akauziwa dawa ya kuogeshea mbwa dhidi ya kupe, akamwogesha. Usiku ule paka alitetemeka mwili mzima, akaanguka kifafa. Baadaye mwanangu alisoma kwenye chupa: permethrini. Mbwa anaivumilia, paka inamshambulia mishipa ya fahamu. Jirani yangu ni mtu mzima, alifuata maelekezo neno kwa neno, na mpaka leo analia akilizungumza.

Natambua hali ya maofisa wenu. Ofisa mmoja ana kata nzima, pikipiki haina mafuta, na ng'ombe wa watu wakianza kuangamia kwa ndigana hakuna atakayemwelewa akisema alikuwa anahudumia paka. Wala sisemi paka atangulizwe mbele ya ng'ombe. Natambua pia kwamba watumishi wa halmashauri wako chini ya TAMISEMI, nawe huwezi kumhamisha hata mmoja wao. Lakini mwongozo wa kitaalamu unatoka kwako. Waraka wako wa ukurasa mmoja ukibandikwa kwenye kila dirisha utafanya kazi ambayo barua zangu hazitaifanya.

Uandike kwamba mnyama yeyote anayeletwa atazamwe kabla ya mwenye mnyama kujibiwa lolote. Uandike kwamba asiye mtaalamu asitaje dawa, hata kwa huruma, na utaje kwa majina vinavyoua paka: parasetamoli, ibuprofeni, dawa za kupe zenye permethrini. Utaje dalili zisizongoja, nazo si nyingi: dume asiyekojoa, kifafa, kuhema kwa mdomo wazi, kung'ata watu bila sababu. Ukutani yawepo majina ya wataalamu waliopo na namba zao za Baraza, simu ya zamu ya mwisho wa wiki, na mahali pa karibu penye huduma ambayo ofisi haina. Kwenye orodha ya malipo kiongezwe kipengele cha wanyama wengine. Mwenye sungura atakuja, mwenye njiwa atakuja, na punda wa muuza maji naye ataletwa siku moja. Wote hao wakikosa kipengele watarudishwa kama nilivyorudishwa.

Bora zaidi kuliko yote hayo, mafunzo. Mwanangu ananiambia kwamba katika masomo yao ng'ombe, mbuzi na kuku ndio wanaochukua muda mwingi, na ya paka ameyapata zaidi kwa kusoma mwenyewe. Alilolijua kwa simu siku ile ndilo kila anayekaa kwenye dirisha la mifugo anapaswa kulijua. Anamaliza chuo mwakani, na akiajiriwa huenda akapangiwa ofisi ya wilaya kama ile. Naomba unijibu kwa maandishi, hadharani kama nilivyoandika mimi, atakuta mwongozo gani mezani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama muuza nafaka

Nakala:
Katibu Mkuu, Ofisi ya Rais – TAMISEMI
Msajili, Baraza la Veterinari Tanzania