Ligi ya 1939/40 haikuwa na bingwa

Mhariri,

Mjadala wa nani alitwaa ubingwa wa England 1939/40 hauna maana, kwani ligi ilivunjwa kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia baada ya mechi tatu tu, Blackpool ikiongoza kwa pointi 6, na matokeo yakafutwa. Soka liliendelea kwa masharti: safari zisizidi maili 50, na penye hofu ya mabomu watazamaji wasizidi 8,000. Wanajeshi waliruhusiwa kuchezea klabu iliyo jirani na kambi. Ndipo Aldershot, timu ndogo mno ya mji wa jeshi, ikawapanga Britton, Cullis na Mercer, safu nzima ya viungo ya timu ya taifa! Wanaojumlisha mabao ya wachezaji watenganishe ya miaka hiyo. Hata kombe walilochukua West Ham Juni 1940 ni la Vita, si la FA.

Msomaji wenu